Farasi wa Siku Moja na Nyimbo za Zamu ya Usiku

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mjomba wangu hapa Kericho amenunua farasi dume wa miaka mitatu kutoka ranchi moja ya Laikipia. Hajawahi kupandwa. Mjomba na baba yangu wamekulia kwenye filamu za kauboi na muziki wa kantri. Wanasema farasi hufungwa tandiko, mtu akamrukia mgongoni, akavumilia vishindo, na jioni mnyama ameshakuwa mpole. Wanapanga kufanya hivyo Jumamosi ya wiki ijayo. Je, kauboi walifanya hivyo kweli? Na zile nyimbo za kuwaimbia ng'ombe usiku, zilikuwepo au ni chumvi ya Hollywood? – Binti wa Kericho

JIBU: Sijambo, dada. Kabla ya yote, mwombe mjomba aiahirishe hiyo Jumamosi. Farasi hana miadi na mtu, na mifupa ya mjomba haiuzwi dukani.

Filamu hazikudanganya moja kwa moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Uongo mtupu mtu huunusa mapema. Kauboi wa Texas kweli walimpanda farasi mbichi siku ileile ya kwanza, tena wengi wao. Kisichosemwa ni kwa nini walifanya hivyo, na walibaki na farasi wa namna gani baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu waliozaliana porini bila mtu wa kuwahesabu. Ng'ombe aliyeuzwa dola 4 kule alifika dola 40 kaskazini. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy akajenga mazizi kando ya reli pale Abilene, Kansas, na kundi baada ya kundi likaanza kuswagwa kwenda huko. Kundi moja lilikuwa na ng'ombe 2,500 hadi 3,000, watu kama kumi au kumi na wawili, mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku, safari ya miezi. Hakuna farasi anayeweza kubeba mtu kutwa nzima kila siku kwa muda wote huo. Kwa hiyo kila kauboi alipewa farasi kadhaa wa kubadilishana, na nyuma ya ng'ombe kukawa na kundi jingine la farasi tupu, lenye mchungaji wake.

Piga hesabu sasa. Ranchi inahitaji makumi ya farasi kabla ya safari ya masika, na wengi wao wameachwa mbugani hadi umri wa miaka minne au mitano bila kuguswa na mkono wa mtu. Bei ya farasi ni ndogo, ila muda haupo. Anaitwa jamaa wa kazi hiyo, analipwa kwa kichwa. Anamnasa farasi kwa kitanzi, anamfunga kitambaa machoni, anambandika tandiko, anapanda, kitambaa kinatolewa. Mnyama anaruka mpaka anaishiwa nguvu. Baada ya kupandwa mara tatu au nne anakabidhiwa kwa kauboi kuwa "yuko tayari". Ilikuwa punda afe, mzigo ufike, ila punda hapa ni farasi, na mara nyingine ni yule aliye juu yake. Watu wa kazi ile walizeeka mapema, migongo na magoti yamekwisha. Na farasi waliowatoa wengi walibaki na tabia ya kuruka kila asubuhi ya baridi. Kauboi alijua hivyo, akavumilia, kwa sababu farasi si wake, ni wa tajiri.

Kwa hiyo anachotaka kuiga mjomba ni njia ya mkato ya watu waliokuwa na farasi hamsini na wiki tatu. Yeye ana farasi mmoja na mwaka mzima.

Tena kulikuwa na kauboi wengine ambao filamu huwasahau. Kabla ya Mmarekani yeyote wa kaskazini kujua kurusha kitanzi, kulikuwa na wachungaji wa Meksiko, wale vaquero, na kazi yote hii ilianzia kwao. Maneno yenyewe yanaungama: neno la farasi mwitu, la kamba ya kitanzi, la suruali ya ngozi ya kujikinga na miiba, hata neno rodeo, yale mashindano ya kauboi, yote yametoka kwenye Kihispania. Vaquero wa California hakuwa na mbio. Farasi wake alianza na hatamu isiyo na chuma chochote kinywani, pete ya ngozi iliyosukwa tu juu ya pua, akakaa nayo mwaka au zaidi. Kisha akavalishwa hatamu mbili kwa pamoja, ya zamani na ya mpya, mpaka aizoee ile mpya. Lijamu lenyewe la chuma alilibeba peke yake akishakuwa mtu mzima, na kufika hapo ilichukua miaka. Mwishowe farasi huyo aliongozwa kwa hatamu iliyolegea, kwa kupinda kidole tu. Nchi ile ile, karne ile ile, na ng'ombe wale wale. Tofauti ilikuwa mfukoni na kwenye kalenda.

Nikiwa hapo niongeze jambo moja ambalo mzee wako huenda hakuliona kwenye skrini. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne wa zama za misafara alikuwa Mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Bose Ikard alizaliwa mtumwa, akaja kuwa mtu ambaye Charles Goodnight, mmoja wa matajiri wakubwa wa ng'ombe, alimkabidhi fedha za msafara azibebe. Bill Pickett ndiye aliyebuni mchezo wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe, mchezo ambao hadi leo uko kwenye kila rodeo kubwa.

Na kwa kuwa nimeitaja rodeo: msiichanganye na mafunzo. Yule farasi anayeruka kama kapandwa na pepo, mpandaji akihesabiwa sekunde 8, hafunzwi chochote. Kuruka ndiyo kazi yake, amezalishwa kwa ajili hiyo, na nusu ya alama za majaji hutolewa kwake kwa jinsi anavyoruka. Ukimwona akatulia, ujue anatafutiwa kazi nyingine.

Sasa nikueleze lililonipata mimi. Nilianza kama saisi kwenye banda la farasi wa mbio Nairobi, kisha nikapata miaka sita ya kazi kwenye ranchi kusini mwa Montana. Nilifika huko nikijiona mjuzi. Mwezi wa pili nikapewa farasi mwekundu wa miaka mitatu nimwanzishe. Siku ya kwanza akakubali halta, ile kamba ya kichwani ya kumwongozea, siku ya pili nikamwekea tandiko. Akasimama. Hakutikisa hata mkia. Nikamfunga mkanda wa tumboni, kimya. Nikaweka mguu kwenye kikuku, nikapanda, kimya vilevile. Nikamgeukia mzee wa pale, aliyekuwa ameegemea uzio na kikombe cha kahawa, nikatabasamu kwa majivuno. Nilipumua mara tatu hivi. Ya nne niliivutia hewani, na ya tano mdomo umejaa vumbi, mtulinga wa kushoto umevunjika.

Mzee alikuja akachuchumaa kando yangu. Hakunipa pole. Aliniuliza masikio ya farasi yalikuwa yameelekea wapi nilipokuwa nikipanda. Sikujua. Sikuwa nimetazama. Akasema yalikuwa yamekwama upande upande kama ya mnyama aliyekufa, macho hayapepesi, kinywa kimekazwa, pumzi haionekani ubavuni. Yule farasi hakuwa ametulia, alikuwa ameganda. Kimya chake nilikidhania ridhaa, kumbe alikuwa amekosa pa kukimbilia.

Ndiyo elimu yote ya farasi, dada, mengine ni maelezo. Farasi ni mnyama wa kuwindwa na wakali wa porini. Macho yake yako pembeni ya kichwa ili aone karibu pande zote, isipokuwa hapo mbele ya paji lake na nyuma ya mkia. Kwa maelfu ya miaka, kitu kilichoruka mgongoni kwake kilikuwa na makucha. Ukimrukia, mwili wake haukuoni wewe ni mjomba mwenye nia njema. Anakuona chui. Atapigana, au ataganda, na siku nyingine atapigana kwa kuwa aliganda jana.

Waliolisema hili kwa sauti kubwa huko Marekani ni makauboi wenyewe, si watu wa mjini. Ndugu wawili, Bill na Tom Dorrance, waliozaliwa mwaka 1906 na 1910 na kukulia kwenye mifugo Oregon, waliirudisha ile subira ya vaquero na kuiongezea jicho lao. Mwanafunzi wao Ray Hunt, kuanzia miaka ya 1970, akazunguka akifundisha watu mbele ya hadhara. Somo lao ukilikamua ni hili: unapomsukuma farasi hajifunzi kitu. Anajifunza pale unapoacha kumsukuma. Vuta kamba kidogo, subiri, na akisogea hata upana wa kidole, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko jibu lake. Ukichelewa hata sekunde chache umemfundisha kitu kingine, na wewe hujui ni kipi.

Najua mjomba atasema: lakini kuna watu humpanda farasi mbichi siku ya kwanza bila hata kishindo. Ni kweli, wapo. Kuna shindano huko Marekani, lililoanza mwaka 2003, ambapo mafundi humwanzisha farasi kwa siku tatu mbele ya watazamaji, na siku ya mwisho wanampanda kwenye vizuizi. Nimewatazama wakifanya. Ila hao wamegusa maelfu ya farasi. Wanaona sikio likigeuka kabla halijageuka. Na wao wenyewe watakwambia farasi aliyetoka pale ameanza tu darasa la kwanza. Kupandika na kufunzika ni vitu viwili.

Basi mjomba afanyeje? Kwanza kama huyo dume hajahasiwa, mwiteni daktari wa mifugo. Dume kamili si farasi wa mtu anayejifunza. Daktari huyohuyo amtazame meno na kwato, na mumwulize habari za chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Mtafutieni mwenzake pia, hata kama ni punda. Farasi wa peke yake hulala kwa shida na hushtuka kwa kila kitu. Jengeni zizi la duara, lisilo na kona za kujibanza, uzio wa kumfika mtu kidevuni.

Wiki ya kwanza asimfanye kitu. Aingie na ndoo, akae juu yake, asome gazeti. Farasi atakuja mwenyewe kunusa, na akija, mjomba asinyooshe mkono mbio. Siku akimkaribia, aende kwa bega, asimwendee usoni wala kwa nyuma, na sikio moja likimgeukia, asimame, arudi hatua mbili nyuma. Mjomba ataona ni upuuzi, kwamba anamkimbia mnyama aliyemnunua kwa fedha zake. Avumilie. Siku ya tatu au ya nne farasi ndiye atakayemfuata yeye.

Kisha halta, kisha kamba, kulia na kushoto, na kila upande afunzwe upya kana kwamba ni farasi mwingine. Aliyezoea blanketi upande wa kushoto anaweza kulikimbia likitokea kulia. Tandiko lije tupu, bila mtu, na aende nalo polepole, kisha kwa mbio ndogo, kisha shoti, mpaka mgongo usivimbe tena chini yake. Mgongo ukivimba kama paka aliyekasirika, siku hiyo hakuna kupanda. Halafu mtu alale kifudifudi juu ya tandiko, tumbo likiwa kati, na ashuke. Mara ishirini. Akianza kulambalamba midomo, kushusha kichwa, kupumzisha mguu mmoja wa nyuma, hapo ndipo mguu uvuke upande wa pili, msaidizi akiwa ameshika kamba chini. Dakika kumi zinatosha. Mimi kwa farasi wa kawaida nahesabu mwezi mmoja hadi miwili kabla sijamtoa nje ya zizi, na bado huwa naomba Mungu langoni. Na mjomba avae kofia ngumu, ile ya wapanda farasi. Ile ya kauboi inafaa kwa jua na kwa picha.

Kuna kitu kimoja zaidi cha siku ya kupanda, nacho kinanipeleka kwenye swali lako la nyimbo. Mjomba aimbe. Sitanii. Mtu anapopanda farasi mbichi hubana pumzi bila kujijua, na farasi huihisi ile pumzi kupitia mapaja yako kuliko anavyosikia amri zako. Kwake yeye, mwenzake wa kundi aliyebana pumzi maana yake kuna hatari. Lakini hakuna binadamu anayeweza kuimba huku amebana pumzi. Yule mzee wa Montana alinifundisha hivyo mtulinga ulipopona, na sijapanda farasi mpya tangu hapo bila kuvuma wimbo wa kanisani puani. Sauti yangu ni mbaya. Hakuna farasi aliyelalamika.

Kwa hiyo naam, nyimbo za usiku zilikuwepo, na hazikuwa za kumburudisha mtu. Jua likizama kundi lililazwa chini, na watu wawili wawili wakalizunguka kwa zamu ya kama saa mbili, mmoja akienda huku, mwenzake akija kule, wakipishana gizani. Ng'ombe elfu tatu waliolala ni baruti. Radi, mbweha, kikombe cha bati kilichoanguka, hata mtu kuwasha kiberiti kungeweza kuwatimua wote kwa mpigo, na ng'ombe waliotimka gizani hukanyaga kila kilicho mbele yao, awe farasi au mtu. Kauboi aliyekuja kimyakimya alikuwa kitisho. Aliyekuja akiimba alijulikana yuko wapi tangu mbali. Ng'ombe walisikia sauti ikisogea, ikipita, ikienda zake, wakaendelea kucheua. Usiku wa manane kundi lilikuwa na desturi ya kuinuka, kujinyoosha, na kulala tena kwa ubavu mwingine; saa hiyo ndiyo uimbaji ulihitajika zaidi. Wimbo pia ulimwambia mwenzako kwamba bado uko macho, na ulikuweka macho kweli.

Waliimba nini? Walichokijua. Tenzi za kanisani walizofundishwa na mama zao, zikivutwa polepole kwa mwendo wa farasi anayetembea, na maneno yakisahaulika yakawekwa mengine, pengine ya matusi. Ng'ombe hawakuwa wakali wa lugha. Gitaa mgongoni mwa farasi ndilo chumvi ya Hollywood: jaribu kulibeba miezi mitatu kwenye mvua uone. Harmonika ya mfukoni ilitosha, na fidla ikiwa gari la chakula lina nafasi. Mwaka 1910 John Lomax wa Texas alitoa kitabu cha nyimbo hizo alizokusanya, na ule maarufu kuliko zote, "Home on the Range", unaotamani nyumba kule wanakorandaranda nyati, aliupata San Antonio kwa mzee Mweusi mwenye baa aliyewahi kuwa mpishi wa misafara. Maneno yake ya awali yalitungwa na daktari wa Kansas, wala si kauboi. Kofia nyeupe na gitaa vilikuja katikati ya miaka ya 1930 na waimbaji wa filamu akina Gene Autry, wakati misafara yenyewe ilikuwa imekufa kitambo: waya wa miiba, uliopewa hataza mwaka 1874, ulikuwa umeifunga mbuga, reli zikafika Texas, na baridi ya 1886 kuingia 1887 ikaua ng'ombe kwa malaki.

Sasa, dada wa Kericho, hapa nilikuwa nakungoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, kwenu huko. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia, kinubi kikipigwa chini yake, wimbo wa kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, lilivyogeuka vinywani mwa watu wa kwenu. Santuri zake zilikuwa zimefika vilima vyenu na gramafoni, sauti ikipasuka kutoka kifuani hadi kooni na kurudi, na watu wakaona hiyo si sauti ya mtu kamili. Rodgers mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, aliyefariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 35. Ng'ombe wake walikuwa wa kwenye nyimbo tu. Lakini muziki wa kantri ambao mzee wako anaupenda una deni kubwa kwake, na wimbo wa mabinti wa Kapkatet umehifadhiwa hadi leo, unasikilizwa dunia nzima.

Mwulize mzee wako kama anaujua. Akiujua, ampe mjomba mapema, kabla ya ile siku ya kulala kifudifudi juu ya tandiko. Na ukiniandikia tena, usinieleze farasi aliruka au hakuruka. Niambie masikio yake yalikuwa yameelekea wapi.